Seva ya majina ya ndani ni rahisi kuisimika, kazi ni kuchagua majina yenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo makala za teknolojia hulipita juu juu, nalo ni namna vikundi vya watengenezaji wa programu vinavyozipa majina kompyuta na huduma zao za ndani. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba anayeandaa tovuti katika kompyuta yake afungue faili liitwalo hosts, ambalo kompyuta hulisoma ili kujua jina fulani lina anwani gani, aongeze mstari mmoja wenye anwani ya IP (tarakimu zinazotambulisha kompyuta katika mtandao) na jina analolitaka, kisha aendelee na kazi yake. Ushauri huo si wa uongo, na kwa mtu mmoja mwenye mradi mmoja unatosha kabisa. Ubaya wake huanza pale watu wanapoongezeka na huduma zinapoongezeka, kwa sababu kila kompyuta inabaki na faili lake, na hakuna faili linalojua kilichoandikwa katika jingine.

Chukulia kikundi ambacho seva yake ya majaribio imehamishwa kutoka anwani 192.168.1.20 kwenda 192.168.1.45. Aliyeihamisha amewatumia wenzake ujumbe, na karibu wote wamerekebisha mafaili yao siku hiyo hiyo, isipokuwa mmoja aliyekuwa likizo. Atakaporudi, jina analoliita kila siku litampeleka kwenye anwani ya zamani, ambayo huenda kwa wakati huo imeshapewa mashine nyingine yenye hifadhidata nyingine, na programu yake itaanza kuandika taarifa mahali pasipostahili bila kutoa onyo lolote. Hitilafu ya namna hiyo ni ngumu kuinasa kuliko ile inayosimamisha kazi papo hapo. Tena faili la hosts halikubali jina la jumla linalobeba majina yote yaliyo chini yake, kwa hiyo mfumo unaompa kila mteja kikoa chake kidogo, yaani jina lililo chini ya jina kuu la tovuti, utahitaji mstari mpya kwa kila mteja wa majaribio. Na anayetaka kuijaribu tovuti yake kwenye simu atakuta kwamba simu nyingi hazimruhusu mtumiaji wa kawaida kuligusa faili hilo hata kidogo.

Mambo haya si mapya, na wenye taaluma wanapaswa kuyakumbuka. Mtandao wa ARPANET uliotangulia intaneti ulitegemea faili moja lililoitwa HOSTS.TXT, lililotunzwa katika taasisi ya SRI huko California, na kila mwenye kompyuta alilazimika kulinakili upya ili apate majina mapya. Mashine zilipozidi kuongezeka, utaratibu huo ukaelemewa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akachapisha muundo wa mfumo wa majina ya vikoa, yaani DNS, ambao uliboreshwa mwaka 1987 katika nyaraka za viwango vya intaneti ziitwazo RFC, namba 1034 na 1035, zinazotumika hadi leo. Kikundi kinachotumiana faili la hosts kwa ujumbe wa simu kinaishi bado kabla ya mwaka 1983, wakati dawa yake ipo bure katika kila mfumo wa Linux.

Dawa yenyewe ni programu ndogo inayosikiliza kwenye poti namba 53, mlango wa mtandao uliotengewa DNS, ikijibu yenyewe maswali yanayohusu majina ya ndani na kuyapeleka maswali mengine yote kwa seva za nje. Zipo nyingi na karibu zote ni huria. Kuna BIND iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kuna Unbound ya taasisi ya NLnet Labs ya Uholanzi, kuna CoreDNS ambayo ndiyo inayotoa majina ndani ya Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye mashine nyingi, na kuna dnsmasq ya Simon Kelley ambayo imo ndani ya ruta nyingi za majumbani bila wenye nyumba kujua. Nimewahi kusikia mabishano marefu kuhusu ipi ni bora, na kwa maoni yangu mabishano hayo hayana tija kwa kikundi kidogo, kwa kuwa dnsmasq inatosha. Mstari mmoja usemao address=/test/127.0.0.1 unaifanya ijibu kwamba kila jina linaloishia na .test, liwe malipo.test au mteja7.duka.test, lipo kwenye kompyuta hiyo hiyo. Mstari mwingine unaoanza na neno local unaiagiza isiyapeleke nje maswali ya kikoa kilichotajwa, na huu nauona muhimu kuliko ule wa kwanza, kwa sababu usipokuwepo, kila jina la ndani lililokosewa herufi litatoka nje ya mtandao na kusomwa na seva za watu wengine.

Jambo linalostahili kubishaniwa ni majina yenyewe. Hapa ndipo vikundi vingi hufanya uamuzi wa dakika moja na kuulipia kwa miaka, kwa kuwa kuchagua kikoa cha juu, yaani ile sehemu ya mwisho baada ya nukta, kwa sababu tu kinapendeza machoni ni sawa na kujenga nyumba kwenye kiwanja cha watu.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa .dev. Kwa miaka mingi watengenezaji wa programu waliitumia kwenye kompyuta zao kwa imani kwamba haina mwenyewe. Baadaye Google ikakabidhiwa kikoa hicho kihalali, na toleo la 63 la kivinjari cha Chrome lilipotoka Desemba 2017, liliweka sharti kwamba kila tovuti yenye jina la .dev ifunguliwe kwa HTTPS tu, yaani kwa mawasiliano yaliyofichwa na kuthibitishwa kwa cheti. Watu waliamka wakakuta miradi iliyofanya kazi jana haifunguki leo, na kivinjari hakiwapi hata nafasi ya kulipuuza onyo. Mwaka 2019 majina ya .dev yakaanza kuuzwa kwa umma, na kuanzia hapo jina ulilolitumia ndani lingeweza kuwa tovuti halisi ya mtu mwingine kabisa. Google haikumdhulumu mtu yeyote, kwani kikoa kilikuwa chake, na waliokitumia bila hati ndio waliopaswa kuhama.

Mfano wa .corp ni mzito zaidi ingawa haukusikika sana. Mitandao mingi ya makampuni iliyotumia mfumo wa Active Directory wa Microsoft wa kusimamia kompyuta na watumiaji ilijipa jina la ndani la corp, na kompyuta zao zilipotoka nje ya ofisi zikawa zinalitafuta jina hilo kwenye intaneti ya wazi, ambako mara nyingine zilifika kwa mmiliki wa kikoa cha corp.com. Mwaka 2020 Microsoft ikaamua kukinunua kikoa hicho ili kisiangukie mikononi mwa wahalifu. ICANN, shirika linalosimamia vikoa vya juu duniani, lilikuwa limeshaamua mwaka 2018 kutoendelea na maombi ya kumpa mtu yeyote vikoa vya .corp, .home na .mail, kwa kuwa tayari vilikuwa vimeenea mno katika mitandao ya ndani. Shirika hilo hilo liliwahi kuweka utaratibu kwamba kikoa kipya cha juu kinapozinduliwa, kwa muda fulani kijibu kila swali kwa anwani ya ajabu ya 127.0.53.53, ili msimamizi atakayeiona kwenye kumbukumbu za mashine ajue kwamba jina lake la ndani limegongana na jina la dunia. Anwani hiyo haina huduma yoyote nyuma yake, ila zile tarakimu 53 zimewekwa makusudi kumkumbusha mtazamaji poti ya DNS.

Imebaki .local, ambayo wengi wanaipenda kwa kuwa inasikika kama imetengenezwa kwa kazi hii. Imetengewa kazi nyingine. Hati ya RFC 6762 ya mwaka 2013 iliikabidhi kwa utaratibu ambao Apple iliueneza kwa jina la Bonjour, ambamo vifaa hutangaziana majina vyenyewe kwa kutuma ujumbe kwa wote kwenye anwani 224.0.0.251 bila kuwepo seva yoyote. Ukiiweka .local kwenye seva yako, kompyuta moja itaiuliza seva na kupata jibu, nyingine itapaza sauti kwenye mtandao, ikose wa kuijibu, na iseme jina halipo. Kikundi kinakaa kinatafuta kosa katika msimbo wakati kosa limo katika herufi tano za mwisho wa jina.

Majina halali yapo na hayana gharama. Tangu mwaka 1999 hati ya RFC 2606 imetenga .test kwa ajili ya majaribio, .example kwa ajili ya mifano ya kwenye maandishi, .invalid kwa majina yanayotakiwa yasipatikane kamwe, na .localhost kwa kompyuta yenyewe. Mwaka 2018 ikaongezwa home.arpa kwa mitandao ya majumbani. Julai 2024 bodi ya ICANN ikaitenga .internal kwa matumizi ya ndani ya kila mwenye kuitaka, kwa ahadi kwamba haitauzwa. Binafsi napendelea mgawanyo ufuatao: kinachoishi ndani ya kompyuta ya mtengenezaji mmoja kipewe .test, na kinachotumiwa na kikundi kizima kipewe kikoa kidogo chini ya kikoa ambacho kikundi kimekisajili na kukilipia, kwa mfano dev au ndani ikitangulia jina la kikoa hicho. Asiye na kikoa cha kusajili achukue .internal.

Sababu ya kupendelea kikoa kilichosajiliwa ni vyeti vya HTTPS. Watoaji wa vyeti wanaoaminiwa na vivinjari waliwekewa sharti la kuacha kutoa vyeti kwa majina ya ndani kufikia Novemba 2015, na vilivyokuwa vimebaki vikatakiwa kufutwa kufikia Oktoba 2016, kwa hiyo hakuna njia ya kupata cheti cha hadharani kwa jina la .test wala la .internal. Mwenye majina hayo atalazimika kuwa na mamlaka yake ndogo ya vyeti na kuisajili katika kila kompyuta, kazi ambayo programu ya mkcert huirahisisha kwenye kompyuta ya mtu mmoja lakini inayochosha inapofika kwenye simu na mashine za kila aina. Mwenye kikoa halisi anaweza kuiomba Let's Encrypt cheti kwa kuweka rekodi ya TXT (mstari wa maandishi unaothibitisha kwamba kikoa ni chake) kwenye DNS yake ya nje, bila seva yake ya ndani kuonekana na mtu yeyote. Aangalie jambo moja tu, kwamba vyeti vyote vya hadharani huorodheshwa katika daftari za wazi ambazo yeyote anaweza kuzipekua, na mradi wa siri ukiwa umetajwa kwenye jina la cheti, basi siri imekwisha kutoka. Cheti cha jumla kinachobeba majina yote ya chini, ambacho Let's Encrypt imekuwa ikikitoa tangu mwaka 2018, kinaliondoa tatizo hilo.

Sasa nije kwenye usumbufu unaowakuta watu siku ya kwanza, maana wengi hukata tamaa hapo na kurudi kwenye faili la hosts. Usumbufu mkubwa kuliko wote unatokana na nia njema ya kuweka seva mbili katika mipangilio ya DHCP, utaratibu unaoziambia kompyuta zitumie anwani ipi na seva ipi ya majina: ya ndani iwe ya kwanza, na ya hadharani kama 8.8.8.8 ya Google iwe ya pili, ili ya kwanza ikizimika intaneti isikatike. Dhana iliyo nyuma ya mpangilio huo ni kwamba kompyuta itaiuliza ya kwanza, na ikikosa jibu itaiuliza ya pili, lakini hakuna uhakika wa hilo. Mifumo mingine huhamia seva ya pili pale ya kwanza inapochelewa kidogo na kubaki nayo, mingine huziuliza zote na kuchukua jibu lililowahi. Na seva ya hadharani ikiulizwa jina lako la ndani hainyamazi, inajibu kwa uhakika wote kwamba jina hilo halipo duniani, jibu ambalo kompyuta hulipokea kama la mwisho na haina sababu ya kwenda kuuliza kwingine. Matokeo yake ni huduma inayopatikana asubuhi na kupotea mchana, na mtu anaambiwa awashe upya kompyuta. Anayetaka seva ya pili aweke ya pili ya ndani yenye majina yale yale, hata kama ni kompyuta ndogo ya bei nafuu iliyokaa kwenye kona.

Jingine ni kwamba jibu la "halipo" nalo huhifadhiwa. Mtu huliita jina kabla halijaandikwa kwenye seva, anaambiwa halipo, analiandika, analiita tena, na bado anaambiwa halipo. Anadhani amekosea kuandika, anafuta na kuandika upya mara kadhaa, wakati ukweli ni kwamba seva iliyo kati yake na chanzo imelikumbuka lile jibu la kwanza. Muda wa kulikumbuka, kwa mujibu wa RFC 2308 ya mwaka 1998, hutokana na rekodi ya SOA, yenye taarifa za msingi za kikoa, na ile tarakimu yake ya mwisho ndiyo ambayo watu huinakili kutoka kwenye mifano bila kuuliza kazi yake. Katika mazingira ya utengenezaji wa programu, ambako majina huzaliwa na kufa kila wiki, sekunde 60 zinafaa kuliko saa nzima inayofaa kwa tovuti ya benki.

Vivinjari navyo vina mambo yao. Baadhi hupeleka maswali ya majina moja kwa moja kwa kampuni ya nje kupitia HTTPS na kuipita kabisa seva ya mtandao, jambo ambalo Firefox ililianza kama kawaida kwa watumiaji wa Marekani mwaka 2020. Firefox imeacha mlango wa kulizuia, nao ni kikoa cha use-application-dns.net: seva ya ndani ikijibu kwamba kikoa hicho hakipo, kivinjari kinaacha mpango wake wa kawaida na kuifuata seva ya mtandao, isipokuwa mtumiaji awe ameuchagua mpango huo kwa mkono wake. Kwa sababu hiyo hiyo anayechunguza tatizo asiishie kwenye amri ya dig, ambayo huiuliza seva moja kwa moja na wala hailisomi faili la hosts. Kwenye Linux amri ya getent hosts huonyesha kile ambacho programu za kawaida huambiwa na mfumo, na tofauti kati ya majibu hayo mawili mara nyingi ndiyo inayoonyesha tatizo lilipo.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yanaepukika kwa kuandika anwani za ndani, kama 10.0.0.12, katika DNS ya hadharani ambayo kila mtu anaifikia. Njia hiyo inafanya kazi mara nyingi, ila ruta na seva kadhaa, dnsmasq ikiwemo inapoagizwa hivyo, hukataa kwa makusudi jibu kutoka nje lenye anwani ya ndani, kwa sababu ndiyo mbinu inayotumiwa na tovuti mbaya kukigeuza kivinjari chako kiwe mlango wa kuingilia mtandao wako. Aidha unakuwa umemwandikia kila mpita njia orodha ya mashine zako na mahali zilipo.

Kuhusu usalama sina mengi, ila seva hii isisikilize kamwe upande unaotazama intaneti. Seva ya DNS inayomjibu kila mtu hutumiwa na wahalifu kuwarushia wengine mafuriko ya majibu makubwa kuliko maswali, na mwenye seva huja kujua pale mtoa huduma wake wa intaneti anapomkatia laini. Wafanyakazi walio mbali waifikie kwa VPN, yaani njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa ofisi kutoka nje, na VPN hiyo iwaelekeze kuiuliza seva ya ndani kwa vikoa vya ndani peke yake, ili safari zao nyingine zisipitie ofisini bila sababu. Faili lenye majina liwekwe kwenye Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, pamoja na msimbo, kila badiliko lipitiwe na mtu wa pili kama msimbo mwingine wowote, na iwe inajulikana nani aliongeza jina gani na lini. Hapo ndipo seva hii inapolishinda faili la hosts kuliko mahali pengine popote, kwani yule aliyekuwa likizo harekebishi chochote anaporudi.

Mwisho, anwani ya seva ya majina yenyewe, ya ruta na ya mashine ya kuokolea ziandikwe pia kwa tarakimu mahali pasipohitaji jina lolote ili kufikiwa. Tarehe 4 Oktoba 2021 huduma za Facebook zilitoweka duniani kwa takriban saa sita baada ya seva zake za DNS kutofikika, na wahandisi wake walieleza baadaye kwamba zana za ndani ambazo wangezitumia kurekebisha hali zilikuwa zinategemea majina yale yale yaliyopotea. Kikundi cha watu wachache hakina mtandao wa ukubwa huo, lakini karatasi yenye anwani tatu iliyobandikwa juu ya kabati la ruta haihitaji bajeti.

Wako mtiifu,
Msimamizi wa mitandao (jina limehifadhiwa)